Kabla hujatuma salio la malipo: kulinda ubora wa mzigo unaoagiza China

Mama mmoja anayeuza chai na chapati kituo cha daladala alinirudishia chupa mbili za chai wiki tatu baada ya kununua. Hakunigombeza. Alifungua kifuniko, akaiinamisha chupa kwenye mwanga ili nione ndani, akasema, "Baba, hii kutu nimewanywesha watu." Madoa ya kahawia yalikuwa yamezunguka mshono wa kitako. Dukani nilikuwa nimebakiwa na chupa za aina ile zaidi ya mia nane, na nyingine zilishasambaa Morogoro na Dodoma. Sampuli niliyoletewa na kiwanda miezi minne nyuma ilikuwa bado juu ya kabati langu, inang'aa.

Sampuli ilitengenezwa kwa stenlesi ya 304, mzigo ukatengenezwa kwa 201, ya bei ya chini na inayowahi kuota kutu. Kiwanda kilishalipwa kila senti. Dada wa mauzo aliyekuwa akinijibu WeChat ndani ya dakika mbili akawa anajibu baada ya siku tatu, halafu kwa emoji.

Tangu hapo nimebadilisha namna ninavyoagiza, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa. Nitatumia mfano wa chupa za chai kwa sababu ndizo zilizonifundisha, lakini njia ni ileile kwa ekstensheni za umeme, viatu, vigae au viti vya plastiki. Jambo moja ulishike tangu mwanzo: nguvu uliyonayo juu ya kiwanda kilicho ng'ambo ni pesa ambayo bado hujaitoa. Ikishatoka yote, umebaki na malalamiko. Kwa hiyo kazi yote ni kupanga mambo ili ujue hali ya mzigo wakati salio lingali mkononi mwako.

Hatua ya 1: Eleza bidhaa kwa namba

Ukimwambia muuzaji unataka "ubora mzuri", hujamwambia kitu. Kiwanda kimoja cha Yongkang, mji wa mkoa wa Zhejiang unaotengeneza sehemu kubwa ya chupa na vikombe vya stenlesi vya China, kinaweza kuwa na oda ya Ujerumani ghorofa ya juu na oda ya soko la bei ya chini ghorofa ya chini. Mashine ni zilezile, mabati ndiyo tofauti. Wakisikia mzigo unakwenda Afrika na hujataja kiwango, watakuwekea cha chini. Si kila mara wanakufanyia hila. Wengine wanadhani kweli hicho ndicho unachokimudu, na ulivyobana bei uliwathibitishia.

Karatasi yangu ya maelezo ya chupa ya chai siku hizi ina mambo haya:

- Ujazo lita 2, upimwe kwa maji.
- Ukuta wa ndani stenlesi 304, unene utajwe kwa milimita. Ukuta wa nje unaweza kuwa 201, tukikubaliana na bei ikaonyesha hivyo.
- Uzito wa chupa tupu kwa gramu, ikipungua isizidi asilimia 3.
- Maji ya nyuzi 95 yakikaa saa 6, joto lisishuke chini ya namba tuliyoandikiana.
- Mpira wa kifuniko uwe wa silikoni, usiotoa harufu hata ukimwagiwa maji yanayochemka.
- Rangi kwa namba ya Pantone, orodha ya rangi inayotumika duniani. "Bluu ya kawaida" ina watoto kumi na mbili.
- Katoni ya tabaka 5, chupa 12, kila chupa kwenye boksi lake.

Uzito ni mstari wa bei nafuu kuliko yote na ndio unaokamata wengi. Bati likipunguzwa unene, jicho halioni, mizani inaona. Kwa hiyo usiuache hata kwa bidhaa nyingine: soli ya kiatu, sufuria, kiti cha plastiki, waya wa umeme kwa mita.

Kuhusu 304 na 201, kwa kuwa hapo ndipo nilipopigwa. Stenlesi ya 304 ina kromu karibu asilimia 18 na nikeli karibu 8. Nikeli ni ghali, kwa hiyo kwenye 201 sehemu yake kubwa inabadilishwa na manganizi. Zote mbili zinang'aa sawasawa siku ya kwanza. Tofauti inajitokeza zikikutana na chumvi, na maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi ya kutosha kuharibu sabuni. Chupa ya 201 iliyodumu mwaka mjini Nanchang inaweza kuota kutu Mbagala kabla mwezi haujaisha.

Na sumaku tunazotembea nazo mfukoni hazisaidii hapa. Wengi tunaamini stenlesi nzuri haishikwi na sumaku, mbaya inashikwa. 201 na 304 zote kwa asili hazishikwi, na zote zikikunjwa na kuvutwa kiwandani zinaweza kushikwa kidogo. Sumaku itakukamatia bati la aina ya 430 na ndugu zake, basi. Kinachotenganisha 201 na 304 ni dawa ya matone inayouzwa China pamoja na betri ndogo: unadondosha, unagusisha betri, tone kwenye 201 linageuka jekundu ndani ya sekunde chache. Wakaguzi wenye vifaa zaidi hubeba bunduki ya kupimia madini, inayosoma nikeli na kromu papo hapo. Mhuri wa "304" kwenye kitako cha chupa ni mhuri tu. Mashine ya kuugonga haijui inagonga bati gani.

Hatua ya 2: Uliza bei mbili

Ombi la bei lisiende kwa bidhaa moja. Omba bei ya chupa ya 304 na bei ya chupa ileile kwa 201, kwa wauzaji watatu au wanne. Tofauti ya bei hizo mbili itakuonyesha madini yana thamani gani mwezi huo. Halafu atatokea mmoja anayekupa 304 kwa bei ambayo wenzake wote wanatoa 201. Wenzetu wengi humkimbilia huyo na kumpongeza. Wazee walisema rahisi inavunja upishi, na mimi nina chupa mia nane za ushahidi.

Unaweza kubana bei, ndiyo, biashara ni hiyo. Lakini kuna mahali ukifika, dada wa mauzo anaacha kubishana na kusema tu "sawa, rafiki". Hapo ogopa. Hajapunguza faida yake, amepunguza kitu ndani ya chupa, na hatakwambia ni kipi. Mimi nikitaka bei ishuke siku hizi natoa pendekezo mwenyewe: ondoa boksi la rangi weka la kahawia, badilisha ukuta wa nje, ongeza idadi. Nijue ninachokipoteza.

Hatua ya 3: Mjue unayezungumza naye

Soko la Yiwu lina vibanda vipatavyo elfu 75. Nyuma ya vingi kati ya hivyo hakuna kiwanda, kuna dalali mwenye simu. Si dhambi, dalali mzuri wa Yiwu anaweza kukuchanganyia bidhaa thelathini kwenye kontena moja, jambo ambalo kiwanda hakiwezi. Shida ni kwamba oda yako ya kwanza anaipeleka kiwanda hiki, ya pili anaipeleka kile, na sampuli uliyoipenda ilitoka cha tatu. Muulize wazi: kiwanda kipi, mji gani, na je, mkaguzi wangu ataruhusiwa kuingia? Akikwepa swali la mwisho, acha.

Omba leseni ya biashara. Kampuni ya China ina namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18, na za kampuni huanza na 91. Jina halali ni lile la Kichina. La Kiingereza lililoko kwenye kadi ya biashara halina uzito wowote mahakamani kwao. Angalia kipengele cha shughuli zilizosajiliwa, kama kinataja utengenezaji au uuzaji tu. Mtu yeyote anayesoma Kichina atakusaidia kwa dakika tano, na vijana wetu waliosoma Guangzhou na Wuhan wapo tele.

Kisha jina la akaunti ya benki lifanane na jina la kampuni. Usitume advansi kwa akaunti ya mtu binafsi. Na ukipata barua pepe katikati ya oda ikisema akaunti imebadilika, piga simu ya video kwa mtu unayemjua sura kabla ya kufanya lolote, kwa kuwa wezi wa mitandaoni huvizia mazungumzo kama hayo na kuingilia pale pale unapokaribia kulipa.

Maonyesho ya Guangzhou, yale yanayofanyika masika na vuli tangu 1957, yanafaa kwa kukutana na viwanda ana kwa ana. Vyombo vya nyumbani huwa awamu ya pili, mwishoni mwa Aprili na mwishoni mwa Oktoba. Usiende awamu ya kwanza ukitafuta chupa. Utakuta mashine na majokofu.

Hatua ya 4: Sampuli tatu, si moja

Sampuli ya kwanza ambayo kiwanda kinakutumia ni posa: imechaguliwa, imefutwa, imepakwa uturi. Itumie kuamua kama unataka kuendelea, basi.

Sampuli yenye maana ni ile inayotengenezwa baada ya karatasi ya maelezo kukubalika, kwa malighafi ileile ya oda. Agiza tatu zinazofanana. Zipime zote nyumbani kwako: uzito, ujazo, joto, tone la dawa. Chemsha maji, jaza, funga, gusa ukuta wa nje baada ya dakika tano. Ukihisi uvuguvugu, ombwe (nafasi isiyo na hewa inayotunza joto) kati ya kuta mbili limekufa na chupa hiyo ni jagi. Ilaze usiku kucha juu ya gazeti uone kama inavuja. Kata moja kwa msumeno ukiwa na ujasiri. Utajifunza kuhusu unene wa bati kuliko saa nzima ya WeChat.

Ukiridhika, weka sahihi na tarehe kwa wino usiofutika kwenye mbili zilizobaki, zipige picha, moja irudi kiwandani, moja ibaki kwako. Kama uliagiza ya nne, hiyo ni ya mkaguzi. Kuanzia hapo mabishano yote yanaamuliwa na chupa hiyo, si na kumbukumbu ya mtu.

Wanaoagiza ekstensheni wana jaribio lao. Kwaruza waya kwa kisu: shaba ni nyekundu hadi ndani, alumini iliyopakwa shaba inatoa weupe mara moja. Waya wa namna hiyo unapata moto ukichomeka pasi na jiko pamoja, na plagi ya pini tatu bapa tunazotumia inatakiwa iwe na fyuzi ndani. Ifungue uangalie. Nimewahi kukuta kipande cha bati mahali pa fyuzi.

Hatua ya 5: Mkataba na mgawanyo wa malipo

Kawaida ya China ni asilimia 30 ya advansi na 70 kabla ya kusafirisha. Mgawanyo huo unatosha, ilimradi maneno ya masharti yabadilike. Profoma (ankara ya awali) ya kiwanda husema 70 italipwa "kabla ya kupakia". Mimi huomba iandikwe: italipwa baada ya mkaguzi aliyeteuliwa na mnunuzi kupitisha mzigo kwa maandishi. Mstari mmoja. Kiwanda kizuri hakibishi. Kinachobisha kimeniokolea pesa.

Vingine vya kuingiza:

- Karatasi ya maelezo na picha za sampuli iliyosainiwa ni sehemu ya mkataba.
- Mzigo ukifeli, kiwanda kinarekebisha na kinalipia ukaguzi wa pili.
- Kiwanda hakiruhusiwi kupeleka kazi kiwanda kingine bila kuuliza.
- Vipuri vya bure: kwa chupa za chai mimi huomba vifuniko na mipira asilimia 2 ya oda. Wateja hupoteza vifuniko kuliko chupa.

Uwe na toleo la Kichina, lenye jina la Kichina la kampuni na mhuri wake mwekundu. Sahihi peke yake kwao haina nguvu kama mhuri.

Ukinunua kupitia Alibaba ukalipa ndani ya mfumo wao wa dhamana, madai yako yatapimwa kwa yale yaliyoandikwa kwenye oda. Kama umeandika "chupa lita 2, bluu", na umeletewa chupa lita 2 za bluu zenye kutu, utabishana sana. Na oda ikiwa kubwa kiasi cha kulipia kwa barua ya mkopo ya benki, kumbuka kwamba benki hukagua karatasi, haikagui bidhaa. Kwa hiyo cheti cha ukaguzi wa mkaguzi wako kiwe miongoni mwa nyaraka ambazo lazima ziwasilishwe ndipo benki ilipe. Usipokitaja, benki italipa mzigo wa kutu kwa utaratibu safi kabisa.

Usiweke nembo ya mtu. Kiwanda kitakugongea jina lolote maarufu bila kuuliza, lakini hapa Tume ya Ushindani ikikuta, na kwa Kenya mamlaka yao ya kupambana na bidhaa bandia, mzigo unaharibiwa na kesi ni yako. Sajili jina lako mwenyewe BRELA, wakala wa usajili wa biashara.

Hatua ya 6: Kalenda

Fupi lakini muhimu. Mwaka mpya wa Kichina mwaka 2027 unaangukia 6 Februari. Viwanda hufunga wiki mbili hadi nne, na wiki tatu za kabla yake kila mtu anakimbiza oda. Mzigo unaotoka katika siku hizo huwa umeshonwa usiku. Baada ya sikukuu, wafanyakazi wengi hawarudi kiwanda kilekile na mashine zinashikwa na wageni. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni mapumziko ya taifa. Panga oda ikamilike mbali na tarehe hizo, hata kama unakimbilia msimu wa Ramadhani au wa harusi.

Hatua ya 7: Ukaguzi kabla ya salio

Hapa ndipo ninapotumia pesa bila kuona uchungu. Mkaguzi wa kujitegemea China hutoza kati ya dola 150 na 300 kwa siku. SGS, Bureau Veritas na Intertek ni majina makubwa. Kuna kampuni ndogo za bei nafuu pia. Rafiki anayekaa Guangzhou anaweza kwenda badala yao kama anajua kufuata karatasi. Lakini asiwe yule anayekupangia usafiri kwa kamisheni ya kiwanda.

Siku sahihi ni pale mzigo wote umekamilika na angalau asilimia 80 umeshafungwa katoni. Kiwanda kitajaribu kukuita mapema ("njoo tu, robo ipo tayari") au kuchelewa hadi kontena liko mlangoni. Kataa vyote viwili. Acha siku tano hadi saba kati ya ukaguzi na kupakia, ili kuwe na muda wa kurekebisha.

Huwezi kufungua chupa zote. Dunia inatumia jedwali la sampuli la AQL, yaani kikomo cha kasoro kinachokubalika, lililomo kwenye kiwango cha ISO 2859-1, na si gumu kama linavyoonekana. Tuseme umeagiza chupa 2,400, yaani katoni 200. Kwa kiwango cha kawaida cha ukaguzi, mzigo wenye vipande kati ya 1,201 na 3,200 unachukuliwa vipande 125. Kisha kasoro zinagawanywa makundi matatu.

Za hatari: ncha kali inayokata, kitu kilichovunjika ndani, chochote kinachoweza kumdhuru mtu. Ikipatikana moja, mzigo wote umefeli.

Kubwa: ombwe limekufa, chupa inavuja, rangi siyo, kifuniko hakifungi. Kwa AQL ya 2.5, zikipatikana 7 kati ya 125 mzigo unapita, zikifika 8 umefeli.

Ndogo: mkwaruzo usioonekana kwa mbali, nembo imepinda kidogo. Kwa AQL ya 4.0, mwisho ni 10; ya 11 inafelisha.

Mkaguzi ataripoti kwa makundi uliyompa, kwa hiyo mpe orodha mapema. Usipompa atatumia ya kwake, na kwake kutu kidogo kwenye mshono inaweza kuwa kasoro ndogo. Aina ya bati, hata hivyo, usiiweke kwenye hesabu ya 7 na 8. Iandike peke yake: chupa kumi zipimwe madini, moja ikiwa 201 mzigo wote unarudi.

Jambo la katoni nalo lina ujanja. Mkaguzi ndiye anayechagua katoni, zikiwa zimepangwa, kutoka juu, chini, nyuma na katikati. Kwa katoni 200 atafungua kama 15. Meneja wa kiwanda akishaandaa katoni kumi na tano karibu na mlango, na chai ya kijani mezani, hizo ndizo zisizofunguliwa.

Mwombe pia adondoshe katoni. Utaratibu unaotumika sana unadondosha katoni moja mara 10: kona moja, kingo tatu, pande zote sita. Katoni ya chupa 12 yenye kilo kama 14 hudondoshwa kutoka sentimita 61. Unaweza kudhani ni ukatili. Hujawaona wapagazi wa Mtaa wa Kongo wakishusha fuso saa nne usiku huku mvua inanyesha.

Ripoti ikija, isome picha kabla ya kusoma neno "imepita". Angalia namba ya mizani kwenye picha, tone la dawa lina rangi gani, sampuli yenye sahihi yako ipo kando ya chupa ya mzigo au haipo. Ikiwa imefeli, usikubali ofa ya kwanza, ambayo karibu kila mara ni punguzo la bei. Punguzo linaingia mfukoni mwako leo, na mama wa chai anarudi na chupa kesho. Ulizia marekebisho: wachambue zote, watoe mbovu, watengeneze upya, mkaguzi arudi. Punguzo lifikirie tu kwa kasoro ambazo unaweza kumwonyesha mteja mezani naye akanunua akijua.

Na usikubali salio lilipwe "kwa kuaminiana, meli inaondoka kesho". Meli nyingine ipo.

Hatua ya 8: Cheti cha serikali ni kitu kingine

Tanzania ilianza utaratibu wa kukagua bidhaa huko zinakotoka mwaka 2012 chini ya TBS, shirika letu la viwango. Kenya ilitangulia mwaka 2005 chini ya KEBS, shirika lao la viwango. Wakala aliyeteuliwa anakagua China na kutoa cheti cha ulinganifu, ndipo mzigo usafiri. Omba cheti mapema, kwa sababu mzigo ukishafika bandarini bila hicho, gharama na kungoja vinakuwa vyako. Zanzibar wana taasisi yao ya viwango, ZBS, na taratibu zao, usidhani cha bara kinatosha.

Watu wengi wanachanganya cheti hiki na ukaguzi wao. Wakala wa cheti anaangalia kama bidhaa inakidhi viwango vya nchi. Hajui sampuli yako, hajali kama bluu imekuwa zambarau, hana habari na vifuniko vya akiba ulivyoahidiwa. Vyote viwili vinahitajika. Mara nyingine unaweza kuvipanga siku moja kiwandani.

Hatua ya 9: Kupakia

Kama unajaza kontena lako mwenyewe, lipia nusu siku ya mkaguzi asimamie upakiaji. Aingie ndani ya kontena tupu, afungiwe mlango kidogo, aangalie kama kuna tundu linaloingiza mwanga. Mwanga unapoingia, mvua inaingia. Ahesabu katoni, ahakikishe ni zilezile alizotia alama siku ya ukaguzi, apige picha ya namba ya kontena na ya lakiri, nawe uzilinganishe na hati ya shehena. Bidhaa za ngozi, nguo na karatasi ziwekewe vifuko vya kunyonya unyevu. Kontena linavuka Bahari ya Hindi likitokwa jasho, na viatu vinaweza kufika vimeota ukungu.

Kwa wanaosafirisha kwa kuchanganya na wengine, kwa CBM (mita za ujazo), ukaguzi uishie kiwandani, kabla mzigo haujaenda ghala la msafirishaji. Katoni zikishachanganywa na za watu arobaini, hakuna wa kumuuliza. Weka alama yako kubwa pande mbili za kila katoni, rangi ambayo wengine hawatumii.

Hatua ya 10: Mzigo ukifika

Usianze kuuza kabla hujafungua. Chukua video kontena likikatwa lakiri, namba ionekane. Fungua katoni kama ishirini kutoka sehemu tofauti, rudia vipimo vilevile vya mizani na maji ya moto, linganisha na chupa yenye sahihi. Ukikuta tatizo, tuma madai ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba, yakiwa na hesabu: katoni ngapi zimefunguliwa, chupa ngapi mbovu, kasoro ipi, picha ya kila moja. "Mzigo wenu mbovu sana" haijibiwi. "Kati ya chupa 240 tulizofungua, 19 zina ombwe lililokufa" inajibiwa, hasa kama wanajua oda nyingine inakuja.

Oda inayofuata ndiyo ya kuogopa zaidi. Ya kwanza kiwanda kinajitahidi. Ya pili nayo huwa sawa. Kwenye ya tatu au ya nne, mteja ameshazoea, haleti mkaguzi tena, na bati linapungua nukta moja, mpira unakuwa wa plastiki, katoni inapoteza tabaka. Kila punguzo ni dogo mno kulihisi kwa mkono. Kwa hiyo kila mzigo ukiingia natoa chupa mbili, naziandika tarehe na uzito, naziweka kwenye rafu ya nyuma ya duka. Kijana wangu wa dukani huziita chupa za mahakama. Oda ya mwisho ilikuwa nyepesi kwa gramu 22 kuliko ya kwanza. Niliituma picha ya mizani mbili kwa dada wa mauzo, bila neno. Alijibu ndani ya dakika mbili.